Wasomaji Kumi na Wawili wa Mama Sayi

Siku ile dukani kwa Mama Sayi tulikuwepo: Mama Sayi mwenyewe, mdogo wangu Minza, aliyeandika kitabu, mdogo wetu wa mwisho, Shija, shangazi yetu Holo, aliyetoka Kasoli asubuhi na kuku mkononi, mwenyekiti wa mtaa, watu kama ishirini waliovutwa na spika na soda, na mimi Maduhu, fundi baiskeli, ambaye hata leo nikiikumbuka siku hiyo natamani niingie ndani ya tyubu mtu anizibie kiraka kwa juu. Wasiokuwepo walikuwa kumi na wawili, na hao ndio walioalikwa.

Sikisimulii kisa hiki kwa raha. Nakisimulia kwa sababu Bariadi nzima imeshakisikia kwa midomo ya wengine, na kila mdomo umeongeza chumvi yake.

Kwetu mimi ndiye wa kwanza. Baba alipofariki, na Mama akamfuata mwaka uliofuata, niliacha shule kidato cha pili nikashika spana ili wadogo zangu wasiache. Kijiwe changu kipo ubavuni mwa duka la vitabu la Mama Sayi, kwa hiyo Minza akitoka shule alinisubiri humo ndani, na Mama Sayi alimwacha asome kitabu chochote bila kununua, sharti anawe mikono kwanza (alikuwa mtoto wa kula viazi huku anatembea). Basi akakulia pale kati ya rafu, na alipokuwa mtu mzima akaandika hadithi zake mwenyewe, za watu wa huku kwetu, za ng'ombe na pamba na wake wenza, akajinyima mpaka akazichapisha Mwanza. Alipozungusha kitabu kwenye maduka ya stendi walimwambia alete vya mtaala, hadithi hazina mtihani. Mama Sayi peke yake ndiye aliyepokea nakala kumi na mbili, akaziweka pale jicho linapotua mtu akiingia.

Sasa Mama Sayi ana utaratibu wake. Ukinunua kitabu cha mwandishi wa huku, anaandika jina lako na unakotoka kwenye daftari, na anakuomba ukimaliza urudi useme umekionaje. Unachosema anakiandika mbele ya jina lako, kiwe kitamu kiwe kichungu, na mwandishi akija anasomewa. Anasema muuza sabuni hajui nani ameoga, lakini yeye lazima ajue nani amesoma.

Wiki tatu zikapita daftari likiwa jeupe. Minza alikuwa anakuja kila jioni akijifanya ameniletea chai, jicho lote liko dukani. Siku moja akaniambia, taratibu tu, "Kaka, msimu wa pamba ukiisha hakuna hata mmoja aliyekisoma, nakwenda kuvichukua. Na sitaandika tena. Nitakuwa nimejua."

Mimi ndiye niliyemlea huyu. Nikaona siwezi kukaa nikiziba pancha wakati mtoto wangu (namwita mtoto, mwenyewe hapendi) anavuja upepo mbele ya macho yangu. Kesho yake nikaingia dukani nikasema nimeagizwa kitabu na mteja.

"Anaitwa nani?" Mama Sayi akauliza, kalamu mkononi.

"Malimi. Wa Kasoli."

Uongo mdogo tu, wa maneno matatu! Jioni Minza alinijia mbio mpaka kandambili ikamkatikia njiani: "Kaka, mtu wa Kasoli amenunua!" Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini sura ile ya Minza nilitaka niione tena, kwa hiyo wiki iliyofuata nikaagizwa na mzee wa Mwanhuzi, kisha na mama mmoja wa Nyashimo, na vitabu vyote nikawa navificha kwenye sanduku la tairi chakavu.

Tatizo, Mama Sayi alitaka maoni. "Mzee wako wa Mwanhuzi amesemaje?" Ikabidi nisome kitabu, mimi ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nasoma namba za tairi tu. Nilisoma mchana nikisubiri wateja, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Kisha nikaenda nikasema mzee wa Mwanhuzi analalamika kwamba ng'ombe wa hadithi ya pili anatoa maziwa mengi mno kwa nchi kavu kama ile. Na yule mama wa Nyashimo, nikasema, amelia pale dada mkubwa anapouza gauni la ubatizo. Mama Sayi akaandika yote. Minza akaenda nyumbani akaanza hadithi mpya.

Mambo yakakua. Mama Sayi, kwa kuliamini daftari lake, akashusha madaftari ya shule kwenye rafu nzima akaandika juu yake kwa mkono "Waandishi wa Simiyu", na akawaita vijana wawili wengine walete maandiko yao, maana Bariadi sasa inasoma. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi atawaita wasomaji wote kumi na wawili waje wamwone mwandishi wao. (Wakati huo walikuwa kumi. Aliniambia nakala mbili zilizobaki zikiondoka kabla ya siku yenyewe, itapendeza.)

Ijumaa nikaenda kuziondoa. Mama Sayi alikuwa anafagia, akauliza bila kunitazama, "Majina?" Na mimi majina yalikuwa yameniishia. Likanitoka la Baba. Halafu nikaona ni vibaya kumwacha peke yake, nikataja na la Mama. Mama Sayi hakuwajua; sisi tulihamia mjini baada ya msiba. Nisiseme uongo tena: sikuishiwa majina tu. Nilitaka na wao wawemo.

Jumamosi viti viliazimwa kwa kamati ya msiba ya mtaa, Minza amevaa kitenge kipya, mwenyekiti amesifu maendeleo. Wasomaji wangu nilijipanga kusema wamekwama barabarani. Sikujua kwamba Mama Sayi angeita majina kwenye spika.

"Malimi wa Kasoli!"

Watu wakageuza shingo kumtafuta.

"Malimi yupi?" Shangazi Holo akauliza kwa sauti. "Kasoli naijua nyumba kwa nyumba. Malimi ninayemjua mimi hajui kusoma, na mwaka huu haoni."

Watu wakacheka. Mama Sayi akaenda la pili, mzee wa Mwanhuzi, hakuna aliyeinuka, na nikamwona Minza ameshusha macho. Hapo ndipo nilipoinua mkono. "Huyo ameniagiza nimwakilishe." Likafuata la mama wa Nyashimo. Nikainua tena. La nne, mkono. La tano, mkono.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "wewe ni mwakilishi wa mkoa mzima? Basi tukuchague ubunge!"

"Kaka ana baiskeli nyingi," Shija akadakia, "wote amewapakia yeye!"

Nilikuwa nacheka nao, na bado sikujua namna ya kumsimamisha Mama Sayi. Akafika chini ya ukurasa.

"Jidula Masunga, wa Kasoli!"

Sikuinua mkono. Kuku wa Shangazi akapiga kelele, kwa sababu Shangazi alikuwa amesimama naye amembana.

"Mama," akasema, "huyo unayemwita ni kaka yangu. Tulimzika."

Mama Sayi akaangalia daftari. Minza akainuka, akaenda akasimama nyuma yake, akasoma kimoyomoyo jina lililofuata, la Mama. Akanitazama.

"Kaka. Yule mzee wa maziwa?"

"Mimi."

"Na mama wa Nyashimo aliyelia?"

"Mimi pia."

"Ulilia?" Shija akauliza, na watu wakapasuka kicheko mpaka waliokuwa barabarani wakaja kuchungulia, na mimi nimesimama katikati, mtu mzima mwenye mafuta ya cheni kwenye kucha, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, nililia.

Minza alitoka bila kuaga. Mama Sayi akazima spika, na alichoniambia alikisema kwa sauti ya chini, hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko. "Maduhu, kalamu na madaftari kila duka wanauza. Mimi mwandishi ninampa kitu kimoja tu, ukweli wa nani amesoma na amesemaje. Umeniingizia uongo humo daftarini. Wale vijana wawili nitawaambia nini?"

Nilitaka kumlipa hasara ya siku ile, akakataa hata kusikia. Aliniuliza viko wapi, akalifungua sanduku langu la tairi, akanihesabia vitabu mbele ya watu. "Utatafuta mtu wa kweli kwa kila jina la uongo. Asome. Aje mwenyewe hapa kaunta, kwa mdomo wake. Ndipo nitalifuta hilo jina la uongo."

Shangazi akaongeza lake kabla hajapanda gari. "Ng'wana Jidula, mtoto wa kaka yangu, hayo majina mawili ya mwisho usimpe mtu mwingine. Umewaita mbele za watu wakaja bure. Nenda makaburini ukawaambie uliwaitia nini, na ukawasomee. Chote."

Minza hakuniletea chai kwa mwezi mzima. Siku aliyokuja hakuleta chai pia, alileta maoni yangu yote kumi ameyanakili kwenye karatasi. "Haya sita ni ya kijinga," akasema. "Haya manne nimerekebisha." Akaondoka. Anaandika. Zaidi ya hapo sijathubutu kumuuliza.

Nimezunguka na vitabu hivyo kwenye keria. Muuza ng'ombe mmoja wa kweli kabisa kutoka Mwanhuzi alisimama kaunta akasema maziwa yale ni kidogo, ng'ombe wa mama yake anatoa zaidi, na nani huyo aliyelalamika? Mama Sayi akanitazama, akaandika. Wameshafika kumi. Rafu ya waandishi bado ipo, na kijana mmoja kati ya wale wawili ameleta cha kwake. Mimi nimeapa sitamsemea tena mtu ambaye hajafungua kinywa, hata kwa kumhurumia ninayempenda.

Yamebaki majina mawili. Kitabu kipo kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha baiskeli, na njia ya Kasoli naijua. Mara mbili nimefika mpaka kwenye mti wa mkwaju kabla ya makaburi nikageuza, maana sijawahi kusoma kwa sauti mbele ya wazazi wangu tangu walipokuwa wananilipia shule.