Deni la Harusi ya Dorine

Kwa miaka mitatu mizima, kila aliposhuka mjini kutoka Katuba, Huguette Chisanga alizunguka barabara mbili za ziada ili asipite mbele ya benki moja. Akiwa ndani ya teksi na dereva akashika njia ile, aligeuza uso akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Watu wa benki hawakumjua hata kwa sura. Walimjua kwa jina na kwa namba ya simu, na ile namba alikwisha kuitupa zamani. Uso aliugeuza hivyo hivyo.

Ungemwambia mtu wa parokia yake habari hiyo, angekubishia. Huguette alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga na kujenga Katuba nyumba ya matofali ambamo Huguette anaishi hadi leo. Ndiye aliyeshika likelemba ya akina mama, ule mchezo wa kila mmoja kuleta fungu lake kila mwezi na mmoja kubeba lote kwa zamu. Mama mwenye wasiwasi na mumewe alileta akiba yake kwa Huguette. Walimwamini kuliko walivyoiamini milango yao.

Zamani alifanya kazi ofisini, katika kampuni ya malori yaliyobebea migodi mizigo. Mshahara ulipitia benki, na siku moja benki ikamtuma mtu na fomu: kila mfanyakazi mwenye mkataba angeweza kupata kadi ya mkopo. Huguette alitia sahihi kwa sababu wenzake walitia sahihi. Kadi ikakaa kabatini miaka miwili bila kuguswa.

Kisha binti yake wa pekee, Dorine, akachumbiwa na Ariel, kijana mpole wa kazi ya maabara, ambaye wazazi wake waliishi kwenye nyumba kubwa mtaani Golf. Familia zilipokutana kupanga harusi, shangazi mmoja wa Ariel alisema kwa sauti ya upole kabisa: "Bale ba upande wa bibi harusi basisumbuke. Salle na bya kunywa siye tutalipa yote."

Labda mama yule, aliyejitolea hivyo kulipia ukumbi na vinywaji, hakuwa na nia mbaya. Huguette alisikia dharau, na damu ikampanda.

"Hapana," akasema. "Salle ni miye nitalipa. Dorine haina mutoto wa kuokota."

Kadi ikatoka kabatini. Ikalipa ukumbi, ikalipa bia na keki, mapambo, na vitambaa vya sare vya mashangazi kumi na moja. Watu walicheza hadi viatu vikavuliwa. Dada yake Huguette alipomuuliza amezitoa wapi zote zile, alijibu, "Niliwekaka kidogo kidogo." Akasifiwa. Sifa hizo alizipokea, akazila, na hazikumkaa vizuri tumboni.

Mwanzoni alikuwa akilipa kile kiasi kidogo ambacho benki ililazimisha kila mwezi, na deni likabaki palepale kama jiwe mtoni. Mwezi wa saba baada ya harusi kampuni ikapoteza mkataba wake mgodini, na wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani. Benki ilipiga simu. Huguette alisema wiki ijayo. Ikapiga tena, akasema mwisho wa mwezi. Ya tatu hakupokea, na ya nne haikumpata, maana alikwisha kununua namba mpya. Akaingia biashara ya samaki pamoja na jirani yake Chama, mwanamke mwenye maneno machache na mikono yenye nguvu. Walikuwa wakienda Kasenga, kwenye mto Luapula, wakirudi na samaki wabichi ndani ya barafu, wakiuza sokoni. Biashara ilimlisha. Deni hakulitaja kwa mtu, na baada ya muda akaanza kuamini kwamba kitu kisichotajwa hunyauka chenyewe.

Miaka mitatu ilipopita hivyo, Dorine alikuja na habari. Yeye na Ariel walitaka kufungua duka la dawa. Benki, nyingine kabisa, ilikubali kuwakopesha kama watapata mdhamini mwenye nyumba na hati yake.

"Ariel alisema aombe mujomba yake," Dorine akasema. "Miye nikasema hapana, tutaomba Mama. Nani hana confiance na Mama?"

Huguette, akisikia imani hiyo, alitafuta neno la kukataa. Kila neno lilidai sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Akajiambia kwamba benki ni nyingine, na miaka mitatu si michache. Akakubali.

Ariel alikuja kumchukua kwa gari asubuhi. Mila ya buko, heshima ya ukwe, ilikuwa bado hai kati yao: hakumpa mkono, hakumtazama usoni sana, alimfungulia mlango wa nyuma na kuendesha polepole kama aliyebeba mayai. Kwenye benki walipokelewa na mfanyakazi kijana aliyejitambulisha kwa jina la Syntiche. Akachukua kadi ya mpiga kura ya Huguette kuwa kitambulisho, akaandika jina kwenye mashine yake, akangoja. Kisha akaandika tena.

"Mama, uko na deni mu banki ingine?"

"Hapana," Huguette akasema.

Syntiche akashusha sauti, na kushusha kule kulifanya mambo kuwa mabaya zaidi. "Inaonekana huku, Mama. Carte de crédit. Miaka tatu haiyalipwa. Banki zote zinatuma majina ya benye madeni ku Banque Centrale, na siye bote tunaona."

Mkwewe alikuwa ameketi kiti cha pili, karibu kiasi kwamba Huguette aliweza kusikia saa yake ya mkono. Ariel aliangalia sakafu. Halafu akasimama, akasema kwa utulivu, "Mama, twende. Labda iko erreur fulani."

Kwa kusema ni kosa la benki, Ariel alikuwa amemrushia kitambaa cha kujifunika, na Huguette akajifunika.

"Ndiyo," akasema. "Ni erreur."

Alipofika nyumbani alimshukuru mkwewe, akaingia ndani, akaketi kitandani na viatu vyake. Kule kudanganya benki hakukumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kuhisi kwamba kijana yule alijua. Alijua, na bado alimshikia mlango.

Siku mbili baadaye Dorine alipita. "Mama, Ariel anasema kesho ataenda yeye mwenyewe mu ile banki ya carte, aulize juu ya ile erreur. Ataomba bamuonyeshe makaratasi."

Makaratasi. Huguette aliyaona mbele ya macho yake: tarehe za wiki ile ya harusi, jina la ukumbi, jina la duka la bia. Mkwewe angesoma mstari kwa mstari gharama za siku yake mwenyewe ya furaha.

"Mwambie asiende," akasema.

"Juu ya nini?"

"Haina erreur. Deni ni yangu. Ni ya harusi yenu."

Dorine alikaa. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na mkono wake ukaenda tumboni bila yeye kujua.

"Mama, siye hatukuombaka ile salle."

"Ninajua."

"Tulitaka tu chakula ku parokia, basi. Nilikuambiaka."

"Uliniambiaka, mutoto wangu."

"Na Ariel nitamwambia nini?"

"Utamwambia vile iko."

Dorine aliondoka bila kumuaga vizuri. Kwa wiki mbili hakuonekana, wala hakupiga simu. Huguette aliona kwamba anastahili adhabu hiyo. Likelemba aliikabidhi kwa mama mwingine, akisema safari za Kasenga zimemzidi. Wenzake wakamsikitikia na kumpongeza kwa bidii, na aibu ikamchoma upya, maana hata hapo alikuwa ameuficha ukweli. Kwa Chama tu ndipo alipoweza kuusema, wakiwa wanapanga samaki kwenye meza sokoni. Chama aliendelea kupanga.

"Sasa utalipa?" akauliza.

"Nitalipa."

"Basi enda ubaambie. Banki haiwezi kukuona mu moyo."

Wiki ya tatu Dorine alirudi na bahasha. Ndani mlikuwa na dola, nyingi. "Ariel anasema ni ya kusaidia," akasema, macho yake chini. Huguette aliifunga tena.

"Rudisha, umushukuru sana. Mukwe halipi bia yenye tulimukaribisha nayo."

Jumatatu yake alivaa kitenge chake cha misa na kwenda kwenye benki aliyoikimbia. Mguu ulitaka kushika zile barabara mbili za ziada kwa mazoea. Alingoja kwenye kiti saa nzima, akiogopa kila anayeingia asije kuwa mtu wa Katuba. Mwisho akaitwa na bwana mmoja mwenye nywele nyeupe, jina lake Gérard, aliyeshughulika na madeni yaliyoshindikana. Huguette alikuwa amejitayarishia maneno marefu: kifo cha mume, kampuni kufunga. Yote yakamtoka kichwani.

"Nilikimbia," akasema. "Nilivunja namba juu musinipate. Nimekuja kulipa, lakini haiko yote mara moja."

Gérard alimsogezea kiti. "Mama, bengi banakujaga huku kutukana. Kaa."

Faini zilikuwa zimelivimbisha deni hadi likakaribia mara mbili ya lile la kwanza. Baada ya barua mbili na wiki tano za kungoja, benki ikakubali kusamehe sehemu kubwa ya faini kama angemaliza kulipa lililobaki katika muda wa miezi kumi na nne, bila kukosa mwezi. Gérard alimwonya asipokee neno la mdomo la mtu yeyote, hata lake yeye. Akamwandikia makubaliano yakapigwa muhuri. "Na kila bordereau ya kulipa uiweke," akasema, akimaanisha stakabadhi. "Hata kama inachakaa, uiweke."

Miezi minne ilikwenda sawa. Mwezi wa tano wa kulipa, mvua zikiwa kali, lori lililobeba samaki wao lilizama kwenye matope upande wa Lukafu na kulala siku tatu. Barafu ikayeyuka. Walipofika mjini Chama alifungua sanduku moja, akalifunga, akatikisa kichwa. Zilikuwa zimebaki siku sita kufika siku ya kulipa. Usiku ule Huguette alishika simu yake mkononi, na wazo la kale likaja, tamu kama usingizi: namba mpya inauzwa kwenye kila kona.

Asubuhi alikwenda benki kabla ya siku yake, akinuka samaki bado, akamwambia Gérard kwamba mwezi huu ana nusu tu. Hakuna aliyempigia kelele. Nusu iliyobaki ikaongezwa kwenye mwezi wa mwisho, na makubaliano yakabaki hai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipeleka aibu yake mwenyewe bila kusubiri ije kumkuta.

Alimaliza mwaka uliofuata, mwezi wa tisa. Akapewa cheti cha kwamba hadaiwi tena, akakibeba mkononi njia nzima. Wakati huo Ariel na Dorine walikuwa na duka lao mwaka mzima tayari, kwa udhamini wa mjomba. Kwa upande wao, kulipa kwake hakukusaidia kitu. Mjukuu alikuwa amezaliwa, na Ariel alimletea mtoto huyo kila Jumapili, akimweka mapajani mwa Huguette na kurudi nyuma hatua mbili kwa adabu. Hakuwahi kuitaja siku ile ya benki. Huguette angependa aitaje walau mara moja.

Mwezi wa kumi na mbili Gérard alimwangalizia jina lake kwenye mashine, kwa kuwa Huguette mwenyewe alimwomba. Lilikuwa bado miongoni mwa wasiolipa. Mtu fulani alikuwa amesahau kutuma taarifa. Zamani Huguette angerudi nyumbani kulia. Safari hii alitoa bahasha ya bordereau kumi na nne, akaziweka mezani moja moja, akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena, hadi taarifa ikaenda. Gérard hakumficha kitu: sasa itaandikwa kwamba amelipa, lakini ile miaka ya kuchelewa itasomeka kwa muda mrefu.

Mwaka huu, yeye na Chama walihitaji friza kubwa ili samaki wasiwaharibikie tena. Waliomba mkopo kwenye chama kidogo cha akiba na mikopo karibu na soko. Mwanamume wa pale alifungua historia ya Huguette na kuisoma kwa sauti, kama mtu asomaye bei za sabuni, watu wawili wakisubiri nyuma: kadi, kiasi, miezi ya kuchelewa, faini, tarehe ya kumaliza. Shingo ya Huguette ikawa ya moto. Chama, aliyekuja kumdhamini, alikuwa amekaa mikono imefungwa, akisikiliza hadi mwisho.

"Mama, yote iyi ni yako?" mwanamume akauliza.

"Ni yangu," Huguette akasema. "Usome na ile ya mwisho, yenye inasema nililipa."

Akaisoma. Akawapa nusu ya walichoomba, kwa riba ya juu kidogo. Wakanunua friza iliyotumika, yenye mlango uliopinda, na Chama akaufunga kwa kamba.