Taa Nyekundu za Pikapu ya Mama

Sogea karibu kidogo, wewe mwenye gari la zamani unayedhani kila waya ni kazi ya fundi. Nitakueleza polepole jinsi nilivyotoa balbu za taa za nyuma za pikapu ya Mama na kuweka za LED, nyumbani kwetu Subukia, kuku wakipita chini ya gari. Ukinisikiliza, nawe utaweza.

Mama hubeba maziwa. Kila alfajiri hukusanya mikebe ya majirani, akapanda mlima na kuiteremsha Nakuru. Kazi hiyo ameifanya tangu tukiwa shuleni, na pikapu ni ile ile. Asubuhi moja ya ukungu alipunguza mwendo kwenye kona, na dereva wa lori lililokuwa nyuma akamwona wakati ameshamfikia. Lori lilisimama likikaribia kugusa mikebe. Utingo akatoa kichwa dirishani.

"Mathe, hizo taa zimelala ama zimekufa?"

Habari ikamfikia kaka yangu mkubwa. Yeye ni dereva wa lori kwenye barabara ya Eldoret. Wapishi wa Salgaa, kituo cha malori, wanajua anavyopenda chai yake kuliko sisi tunavyojua. Jumamosi alikuja nyumbani, nami nikiwa nimefika kutoka mjini, akaketi, akanywa, kisha akautoa ufunguo wa pikapu kwenye msumari wa mlangoni na kuutia mfukoni.

"Mum, umeendesha ya kutosha. Tutaajiri dereva."

"Rudisha ufunguo wangu."

"Lori lenye mzigo halisimami kama baiskeli. Mimi ndiye huwa huko nyuma. Najua tunaona nini na hatuoni nini."

"Basi rudisha na maziwa yote uliyokunywa kwa sababu ya hiyo gari. Anza na yale ya darasa la kwanza."

Kaka alicheka, lakini mkono haukutoka mfukoni. Mama aliendelea kushika kikombe kilichokwisha chai. Kijiji kizima kinamwita mama wa maziwa, na bila pikapu angekuwa mtu wa kungoja gari la mwingine. Nikamwambia kaka, "Niachie nibadilishe taa. Jumatatu umfuate na lori lako. Usipoziona vizuri, ufunguo ukae nao."

Akautupa mezani. "Hadi Jumatatu."

Mchana huo nilishuka Nakuru na balbu moja ya zamani mfukoni. Hilo ndilo la kwanza kukufundisha: usiende dukani na maelezo, nenda na balbu yenyewe. Tazama kitako chake. Ikiwa ina jozi mbili za nyaya, moja ni ya taa ya kawaida na nyingine ni ya breki, na mpya lazima iwe nazo mbili.

"Boss, chukua nyeupe," muuza vipuri aliniambia. "Hii inawaka kama mchana."

Ilikuwa kali kweli, lakini nilichukua nyekundu. Kifuniko chekundu hupitisha mwanga mwekundu na kuuzuia mwingine. LED nyeupe ukiiweka nyuma yake, mwanga mwingi unabaki ndani, na unaotoka unaweza kuwa na rangi ya waridi, mtu asijue ni breki au ni pambo.

Jumapili baada ya kanisa nilianza. Nilichomoa waya hasi wa betri, nikafungua skrubu za kifuniko, nikazungusha soketi ikatoka, nikaichomoa balbu kwa kuivuta. Ndani ya soketi shaba ilikuwa na kutu ya kijani. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaweka kitu kipya juu ya uchafu wa zamani, kisha wanalaumu duka. Nilisugua kwa msasa laini hadi shaba ikang'aa, nikapangusa vumbi, nikaweka LED, nikarudisha waya wa betri. Mama, bado na kitambaa chake cha kanisa kichwani, alikuwa ameshaketi kwenye usukani.

"Kanyaga breki."

"Nimekanyaga tangu uanze kusugua."

Ya kulia iliwaka. Ya kushoto ikakataa, na nilimwona Mama akiutazama ufunguo. Usikate tamaa ikikutokea. Balbu ya zamani haijali umeme unaingia upande gani, ila LED nyingine hujali. Kama soketi yako inakubali balbu igeuzwe, igeuze. Ile ya Mama ilikubali. Niliigeuza, ikawaka. Indiketa niliziacha na balbu zake, kwa sababu ukiziwekea LED bila kurekebisha kingine, nyingi huanza kupepesa kwa haraka.

"Na ukisharudi mjini," Mama akauliza, "mimi nitajuaje zinawaka?"

Kabla sijajibu alishuka. Akaenda kwenye kichanja ambako mikebe ya maziwa huanikwa ikishaoshwa, akaipanga mstari nyuma ya pikapu, akarudi kwenye kiti na kukanyaga breki. Nilichungulia pamoja naye kwenye kioo cha dereva. Mikebe yote ilikuwa nyekundu.

"Basi," akasema. "Hiyo ndiyo kioo yangu."

Mimi niliyekuja kumfundisha nilisimama pale nikitabasamu.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito. Mama alitangulia, nami nikapanda lori tupu la kaka. Tulipofika kwenye mwinuko kaka aliinama juu ya usukani.

"Ziko wapi?"

Sikuziona.  Kaka akapiga honi, Mama akaegesha pembeni, nasi tukashuka kuangalia. Taa zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, chini ya majani ya nepia. Mama alikuwa amembebea mteja wake mmoja chakula cha ng'ombe, na kama sisi wote wa huko, aliyajaza majani hadi yakaning'inia nje ya bodi kama pazia.

"Mum, hizo taa ni zetu ama ni za ng'ombe?"

Mama alirudi mbele. Alichukua panga chini ya kiti akayakata majani yote yaliyotokeza nje, taratibu, bila kuacha hata moja.

Tukaendelea. Kila alipogusa breki, ukungu uliwaka mwekundu mbele yetu, nasi tulikuwa bado mbali.  Tulipokaribia mteremko wa Nakuru kaka alisema, kama anayezungumza na barabara, "Naona. Naona vizuri."

Mahali pa kupokelea maziwa alimfuata Mama na kunyoosha mkono. Mama akaukaza ufunguo kiganjani. Lakini mkono wa kaka haukuwa mtupu, ulikuwa na kitambaa kikuukuu cha kwenye lori lake.

"Ya kupangusa taa, Mum. Hizi LED hazipati moto kama balbu, umande haukauki wenyewe."

Mama alikipokea, akakikunja, akakiweka pamoja na panga chini ya kiti. Ufunguo uko kwenye msumari wake hadi leo, na kila nikiuona najivuna kidogo.

Sasa nenda kwenye gari lako. Pangusa taa za nyuma, ondoa chochote kinachozifunika, panga nyuma yake kitu kinachong'aa, kisha kanyaga breki na utazame kwenye kioo.