Tutu la Chandarua

Nianze kwa kukiri, asije akatokea mtu wa Newala akawasimulia kwa chumvi yake: ni kweli, yule mwanamke aliyezingirwa kanga jukwaani pale Masasi, ukumbi mzima ukingoja kusikia kichanga kinalia, alikuwa mimi. Mimba sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni sketi. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe, maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia.

Mimi ni fundi cherehani, baraza yangu iko nyuma ya soko pale Newala, na watu wananiita Mama Rehema. Ugonjwa wangu ni baleti, ile ngoma ya kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole. Mdogo wangu aliniachia simu yake ya zamani, na siku moja natia pindo shuka za mtu ikatokea video ya binti anazunguka kwa mguu mmoja kama pia, nikaacha shuka za watu nikatazama mpaka chaji ikaisha. Ila niseme ukweli, miguu yake niliitazama mara moja tu. Kilichonishika ni ile sketi, wanaiita tutu, imekaa mlalo kiunoni kama ungo, haigusi paja, hailegei, mwenyewe anaruka nayo inatetemeka kidogo halafu inatulia. Mimi nimeshona mashela, kanzu, suti za maharusi, hata mapazia ya msikiti, na sikuelewa kitu kile kinasimamaje. Nikawa nalala nacho, naamka nacho. Baba Rehema, mume wangu, mtu mpole wa mikorosho yake kule Makote, aliniuliza asubuhi moja huyo Tutu ninayemwita usingizini ni mtu wa wapi.

Sasa kuna Mwalimu Agatha wa chekechea. Alikuja barazani kuchukua sare, akaiona video, akasema watoto wake kumi na wawili watacheza hivyo hivyo kwenye mahafali, na sketi nitashona mimi. Badala ya kumwambia sijui, nikamwambia, "Hizo ndogo, Mwalimu." (Mafundi mnatujua.) Wiki ya kwanza alipopita nikamwambia nimeshakata. Wiki ya pili nikamwambia nimeshaunga. Wiki ya tatu, mahafali yamebaki siku nane, nikamwambia zimebaki vifungo tu, na jamani tutu halina kifungo hata kimoja.

Ukweli ni kwamba ilikuwepo moja, ya majaribio. Neti nzuri ya dukani niliogopa kuiharibu, kwa hiyo nikachukua chandarua kipya tulichogawiwa na zahanati (nesi alisema tukitundike kivulini siku nzima kipungue makali ya dawa, lakini mimi nilikuwa na haraka), nikakikatakata tabaka tabaka, nikakitia ile mikanda ya plastiki inayofungia marobota ya mitumba. Kikasimama upande wa kushoto. Upande wa kulia kikalala kama sikio la mbuzi. Nilishonoa, nikashona, nikashonoa tena, na kila usiku nilijiona siku ya mahafali, watoto kumi na wawili wamevaa masikio ya mbuzi mbele ya wazazi wao, na baraza yangu inafungwa kwa aibu.

Hapo ndipo habari ikaja kwamba wacheza baleti kutoka Dar es Salaam watapita Masasi, watacheza jioni moja kwenye ukumbi wa chuo, kiingilio bure. Mwalimu Agatha akasema twende. Mimi nilikuwa nimeshaoga. Nikaliweka tutu langu kwenye mfuko wa salfeti, nikijiambia onyesho likiisha nitaomba niyaweke mawili sambamba, langu na la kwao, nione nimekosea wapi.

Tulipofika mlangoni mlinzi akasema, "Mama, mifuko yote inabaki hapa."

"Ni nguo tu, baba."

"Hata kama ni nguo. Inabaki."

Sasa mtu mwenye akili angeacha mfuko. Mimi nikawaza mlinzi ataufungua, Mwalimu Agatha ataona, atauliza mbona ni moja na mbona iko hivi, na nyingine kumi na moja ziko wapi. Nikasema nakwenda msalani mara moja. Nikalivaa. Nikalivaa juu ya suruali ya kulalia ya Baba Rehema (nilikuwa nimeivaa kwa ajili ya baridi ya alfajiri kule kwetu juu, namshukuru Mungu kwa baridi ile), halafu nikashusha dera langu juu yake. Dera ni pana, nikajua litameza. Halikumeza. Ile mikanda ilijikunjua, dera likatanuka kushoto na kulia, nikatoka msalani nimekuwa mpana kuliko mlango, ikabidi nipite ubavu.

Mwalimu Agatha alikuwa ameshaingia. Nikajibanza nyuma, maana kupenya katikati ya viti nisingeweza, na kwa bahati mbaya watu wa kusini tuna adabu. Mzee mmoja akanitazama tumbo, akasimama, akasema, "Jamani mpisheni mama, ana mzigo." Safu nzima ikainuka. Nikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, pole mama, taratibu mama, mpaka safu ya mbele kabisa, na aliyenisogezea kiti alikuwa Nesi Tekla, yule yule aliyegawa vyandarua mtaani kwetu, alikuja Masasi kwenye semina.

"Shikamoo, Nesi," nikasema, ingawa tunalingana umri. Ilinitoka kwa hofu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama Rehema. Miezi mingapi hiyo, na kliniki sijakuona hata siku moja?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema, "Nilikuwa na kazi nyingi, Nesi." Akapitisha kiganja ubavuni mwangu, akakutana na mkanda wa plastiki, akakunja uso, akaniambia kwa upole ulionitisha, "Mtoto amelala mlalo."

Taa zikazimwa, muziki ukaanza, na akatoka binti. Jamani. Nimeona maharusi wengi na mabinti wengi wakitolewa unyagoni wamemeremeta, lakini yule alitoka kama hana mifupa, na tutu lake jeupe limesimama pande zote sawa, kulia kama kushoto. Machozi yalinitoka. Nilikuwa nalia kwa uzuri, na nilikuwa nalia kwa wivu, na baada ya dakika tano nikawa nalia kwa sababu ya dawa ya chandarua. Ilipenya suruali. Mapaja yakaanza kuwaka. Nikajisugua kwenye kiti kushoto, nikajisugua kulia, nikashika mikono ya kiti, nikapumua kwa nguvu. Nesi Tekla akaniinamia. "Uchungu unakuja kila baada ya muda gani?"

"Hauachi, Nesi," nikasema, na hapo nilikuwa sisemi uongo.

Akamgeukia Mwalimu Agatha aliyekuwa kiti cha pili, akamwambia ampigie simu Baba Rehema sasa hivi.

Hayo niliambiwa baadaye; mimi sikusikia, macho yalikuwa jukwaani. Yule binti alikuwa ndege, na alitokea mwindaji, ndege akapigwa. Akayumba, akashuka polepole, akalala chini, mguu umenyooka, tutu limefunuka, ametulia tuli. Sasa nyinyi mnajua kwetu ilivyo. Binti akicheza vizuri hivyo haachwi hivi hivi, mwanamke mwenzake anainuka anamtunza, anamfunga kanga kiunoni na vigelegele vinapigwa. Na mwanamke akianguka mbele za watu mapaja nje, wa kwanza kumfikia anamstiri. Pale vyote viwili vilikuwa vimegongana na hakuna aliyesimama. Nikavua kanga yangu ya mabegani nikapanda jukwaani. Nusu ilikuwa kumtunza, nusu kumstiri, na robo tatu kuona tutu limeshonwaje (hesabu zangu msizihoji).

Nyuma yangu kikalia kigelegele, kisha cha pili, na wanawake watano wakanifuata na kanga zao. Ndege wa watu akafunikwa. Mimi nilishapiga magoti, nikainua ukingo wa tutu, nikaingiza kichwa. Hapo ndipo siri ilipokuwa: waya mmoja mwembamba ndani ya tabaka la katikati, umepita kwenye njia yake umezunguka mzima, na tabaka za chini zinafupika moja baada ya moja, zimeshikizwa kwa uzi uliolegezwa. Nikasema kwa sauti ya ukumbi mzima, "Kumbe waya."

Ndege akaninong'oneza amefumba macho, "Mama, sijafa."

"Najua, mwanangu. Tulia kidogo nihesabu tabaka."

Alitulia, Mungu amjalie. Nilihesabu mpaka tisa. Kumbe kwa kupiga magoti vile nyuma yangu kulikuwa kumeinuka, na watu wa Masasi wanatazama suruali ya Baba Rehema yenye mistari. Mtu mmoja akacheka. Nikashtuka nikataka kusimama, ncha ya mkanda wa plastiki ikatoboa dera ikanasa kwenye neti ya yule binti. Nikivuta, naye anakuja. Nikiinama, naye anainama. Maiti ya ndege ikafufuka ikawa inazunguka na fundi wa Newala, muziki bado unapigwa, na wale wa nyuma wakadhani ndiyo hadithi ilivyo, wakapiga makofi. Halafu nikajikwaa, nikakaa chini kwa kishindo, mikanda ikapasuka paa, nikapiga ukelele.

"Msimguse, mtoto anatoka," Nesi Tekla akaagiza, na akaruka ngazi zote tatu kwa hatua moja.

Wale wanawake hawakuhitaji kuambiwa. Kanga zilitoka kwa ndege zikanyooshwa, kila mmoja akashika pembe, nikawa ndani ya ukuta wa kanga katikati ya jukwaa. Muziki ukazimwa. Wanaume wakaanza kutoka nje, wengine wamevua kofia. Nikamwambia Nesi sina kitu, akasema wote husema hivyo, akaingiza mikono chini ya dera, akavuta. Likatoka. Aliligeuza kwenye mwanga, upande wa kushoto umesimama, wa kulia umelala, na lebo ya zahanati imening'inia katikati.

Nje ya kanga mwanamke mmoja akauliza, "Wa kiume au wa kike?"

Nesi Tekla akaisoma lebo. Kisha akasema, "Mama Rehema, hiki si chandarua changu?"

Kanga zikashuka moja moja. Mbele yangu alisimama Mwalimu Agatha, simu bado mkononi, anatazama ile takataka. Hakupandisha sauti. "Zile kumi na mbili zilizobaki vifungo," akasema, "ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka kuongopa, na mapaja yalikuwa yanawaka. Nilimwambia sijui kushona tutu, sijawahi kujua, na nilipanda pale ili nijue. Nililia, na safari hii haikuwa kwa uzuri wala kwa dawa. Yule binti ndiye aliyeanza kucheka, kacheka mpaka akakaa chini pamoja na mimi, kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya pazia, akavua tutu lake akalipindua nje ndani mezani, akanionyesha kila mshono. Mwalimu Agatha alishika taa. Alikuwa amenuna, lakini aliishika.

Asubuhi tulirudi Newala nikidhani yameisha. Nikamkuta mama mkwe barazani kwangu, ametoka Mnyambe na usafiri wa kwanza, uji wa pilipili manga uko jikoni, na Baba Rehema ananoa kisu, kuku amefungwa mguu pembeni yake. Nikasema shikamoo. Mama mkwe akasema marahaba, akatazama tumbo langu, akatazama mfuko wa salfeti, akauliza, "Mjukuu wangu uko naye humo?" Nilimweleza yote. Akafikiri. Akasema uji hautupwi, nikanywa bakuli zima mbele yake, na kuku akafunguliwa.

Siku saba zile sikulala sana, lakini sketi zilikwisha, za neti ya dukani, waya katikati. Siku ya mahafali watoto walizunguka mpaka wawili wakatapika, na sketi zao zilibaki zimesimama. Mwalimu Agatha alipita mbele yangu akasema, "Hazina vifungo," basi, na mwezi uliofuata akaniletea sare za mwaka mzima. Nesi Tekla naye huja kwangu bila hodi kukagua kitanda kina chandarua au hakina. Na mimi nimeapa: sitamwambia tena mteja zimebaki vifungo, na sitavaa ndani ya dera kitu kinachojisimamia chenyewe.

Ila yule mzee aliyesimama akasema nipishwe, sijui nani alimwambia na nani hakumwambia, juzi kanikuta Masasi sokoni nanunua uzi. Akafurahi kweli. "Mama, ulijifungua salama? Ulipata nini?"

Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa amenipisha kwa moyo mmoja, na safari hii uongo haukuhitajika.

"Sketi kumi na mbili, baba," nikasema. "Na siku ile ile ya kwanza zilisimama zenyewe."