Programu Niliyoiagiza Ng'ambo

Pale mtaani Umoja majirani waliniita Fundi wa Kompyuta, nami nikavimba kichwa. Miaka hiyo ya themanini ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja. Mkubwa wetu wa kazi akataka programu ya kuandikia barua. Nikaandika jina la programu hiyo mara moja, kompyuta ikajibu haipo. Sikujua kwamba kompyuta hutafuta pale tu ilipoelekezwa, kama mimi. Tukaiagiza ng'ambo, tukangoja miezi mitatu.

Kanda yenye programu hiyo ilipofika nikaanza kuiweka kwenye kompyuta, Mkubwa akiwa nyuma yangu. Kompyuta ikauliza: programu hii imo tayari, nifute ya zamani?

“Usifute!” akapaza sauti Mama Mwende, mpiga chapa wetu. “Hiyo ndiyo natumia kila siku. Hata barua zako za kuiagiza, Fundi, niliziandika nayo.”