Fimbo Aliyoichagua Mayala

Enzi za Mwingereza, Mayala aliwabebea Wazungu wa Tabora mikoba ya gofu tangu ujana wake, wala hakuwahi kuupiga mpira hata mara moja. Basi katibu wa klabu aliposema kwamba wabeba mikoba nao watashindana, na atakayevusha mpira ng'ambo ya korongo ataruhusiwa kucheza kila Jumatatu, Mayala alishikwa na hamu mpaka akasahau kula.

Stoo ikafunguliwa, kila mtu achague fimbo moja. Mayala hakuangalia mara mbili. Alichukua draiva, fimbo ndefu kuliko zote, kichwa chake cha mti kikubwa kama ngumi ya mwanamume. Mnyamwezi gani achague kitu chepesi watu wakimtazama? Wazee wake walipokwenda pwani na misafara, aliyechagua mzigo mwepesi alitungiwa wimbo, na wimbo ule ulifika nyumbani kabla yake.

Wiki nzima alifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Mipira ilipinda kulia, ikaingia kwenye mihogo ya mkewe, Veneranda.

"Baba Josepha, hiyo fimbo inakushinda," Veneranda akamwambia.

"Unataka nichekwe?"

"Baba yangu alibeba pembe za ndovu. Kabla ya kuikubali pembe, aliiinua akaizunguka nayo nyumba. Ikimyumbisha, anaiweka chini, anachukua ndogo. Wenzake walimcheka hapa Tabora. Walipofika Bagamoyo walimkuta ameshaoga."

Mayala alinuna mpaka ugali ukapoa. Maneno yalimuuma, maana alimheshimu sana mkwewe. Asubuhi alirudi stoo, akainua fimbo moja moja na kuizunguka nayo stoo, hadi akaipata namba tatu, ile ya kupigia mpira uliolala nyasini: fupi kidogo, kichwa kidogo, imetulia mkononi.

Lugembe, mbeba mikoba mwenzake, akaangua kicheko. "Mayala, huo si mwiko wa kusongea ugali?"

"Na ugali si unaliwa, ndugu yangu?" Mayala akajibu, ingawa aibu ilimchoma.

Siku ya mashindano alisimama, akapiga. Mpira ukaenda chinichini, kisha ukapanda, ukalivuka korongo na kutua kwenye nyasi kavu upande wa pili. Watu wakashangilia.

Mayala akavuka kuufuata. Alipoufikia akafanya kama alivyozoea: akasogea pembeni, akanyamaza, akamngoja mwenye mpira. Akangoja sana. Lugembe ndiye aliyemwita kutoka ng'ambo, safari hii bila kucheka.

"Piga, kaka. Mpira ni wako."