Mwenye Kujibu Nyuma Yangu mu Ukungu

Enzi zetu masomo ilianza ndani ya ukungu, mbele ya kufika darasani. Wenzangu wenye mulikulia ku milima hii ya Masisi, upande wa Kashuga, mutanisahihisha nikikosea, maana mimi nilifika mwaka wa ine wa primaire, masomo ya musingi, tu, na kichwa yangu inachanganya mambo. Lakini ukungu ule sijausahau. Ulikuwa unapanda toka bondeni kama moshi wa kuni mbichi. Unameza ng'ombe, unameza miti ya karatusi, unameza hata mukono wako ukiunyoosha.

Tulikuwa watoto watano wa kilima kimoja. Mbele alitembea kaka yangu Safari, nyuma yake watoto watatu wa jirani yetu Mama Furaha, na mwisho mimi, mudogo wa wote, na kiazi kitamu cha moto mu mufuko. Asubuhi kilinipasha muguu, saa sita nilikikula. Njia ilishuka mpaka ku muto mudogo, halafu ikapanda ku masomo, chumba kimoja cha matete na udongo chenye wazazi wetu walijenga kwa mikono yao. Mama aliukanyaga udongo ule akiwa na mimba yangu. Tulikalia magogo.

Ili muntu asipotee mu njia, Mwalimu alitupa desturi. Safari anaita "Ba!" Wa pili anajibu "Be!" Halafu "Bi!" Halafu "Bo!" Mimi nafunga: "Bu!" Ikikosekana moja, wote wanasimama. Hivyo tulianza kusoma mbele hatujaona kitabu. Mutoto wa leo unamuita mara tatu ndani ya nyumba moja, iko na nyuzi mu masikio, anakujibu kesho yake.

Basi, mvua za mwaka ule, nyuma ya "Bu" yangu ikaanza kusikika "Bu" ingine. Ndogo, laini, kama muntu anaonja mboga kama chumvi imetosha.

"Ni mulima inarudisha sauti," Safari akasema. "Wewe muoga sana."

Inawezekana. Mpaka leo yeye anasema hivyo, na yeye alisoma kunipita. Lakini mimi niliwaza: mulima ingerudisha sauti zetu zote. Hii ilirudisha yangu tu. Nikigeuka, ukungu mutupu.

Asubuhi moja nikakanyaga mwiba. Nikachuchumaa kuutoa. Mbele nikasikia "Ba!", "Be!", "Bi!", "Bo!" Nikafungua kinywa nijibu, na pale mbele, kwenye fasi yangu ya mu mustari, muntu akasema: "Bu!"

Hesabu ikajaa. Hakuna mwenye alisimama. Nikasikia miguu yao inaenda, inaenda, halafu hapana tena.

Nikainuka, mwiba ingali mu muguu. Maji ya muto yalisikika pande zote, sikujua kushuka ni wapi. Ndipo karibu yangu, karibu sana, sauti ile ikasema, "Ba." Ikanyamaza. Ikasema tena, "Ba," kama muntu mwenye kungoja.

Nikajibu, "Be."

"Bi," ikasema, mbele kidogo.

Tukapokezana hivyo, yeye mbele, mimi nyuma. Miguu yangu ikagusa mawe ya muto, ikapanda, mpaka mikono ikagusa matete. Nilikuwa mugongoni mwa darasa, fasi yenye hakuna muntu anapita. Nyasi zilikuwa zimelala, kama kuna mwenye kukaa pale kila siku. Mu ukuta, tundu ya kuingiza kidole. Na mu matope, herufi zenye kuandikwa kwa kidole, mustari juu ya mustari, nzuri kupita zangu. Hakukuwa na muntu. Ndani Safari alikuwa analia: "Alikuwa nyuma yetu! Alijibu mpaka mutoni!"

Papa aliposikia, akaweka jembe chini. "Kitu inachukua fasi ya mutoto wangu, na mimi niendelee kuipelekea mutoto? Neema, masomo imeisha."

Nimuseme kwa haki: Papa hakuchukia masomo, gogo yenye nilikalia ni yeye aliibeba. Lakini alikuwa amezika watoto wawili. Na mimi nilijua, wasichana wa umri wangu wenye waliacha masomo hawakurudi tena. Walikuwa mu shamba ya maharagi, migongo imeinama kama ya mama zao.

Jioni Mwalimu akaja kwetu. "Papa Safari, mimi naona ile ni mutoto."

"Mutoto wa nani?"

Mwalimu akaangalia chini, upande wa muto. Kulikuwa vibanda vya majani vya watu wenye kukimbia vita toka Walikale. Komite ya wazazi, na Papa alikuwa ndani yake, ilikuwa imekataza mutoto asiye na uniforme. Waliogopa enspekta atafunga masomo, na chumba ilikuwa imejaa mpaka mulangoni. Silaumu muntu.

Mama ndiye alisema: "Mutoto ao muzimu, alinirudishia wangu. Mwenye kutaka kumukula angemuacha mutoni."

Papa akaokota jembe yake. Halafu: "Sawa, aende. Lakini 'ba be bi' iishe. Kila mutoto aite jina yake. Kama ile kitu ni mutoto, itasema jina."

Kesho yake Safari akaita jina yake, na wale watatu zao. Mimi nikaita, "Neema!" Tukasimama, tukangoja. Nyuma yangu nikasikia muntu anavuta pumzi, kama mwenye anataka kusema. Halafu muto tu.

Haikusikika tena. Mvua hazijaisha, vibanda vikabaki tupu. Watu walikuwa wamekimbia tena. Mugongoni mwa darasa nyasi zikainuka. Mimi nikaendelea kusoma. Miaka mingi nimewaza kwamba watu wenye kukimbia vita hawaiti jina yao ovyo mu ukungu. Lakini labda nakosea, labda ilikuwa mulima.

Leo masomo iko na mabati. Serikali ilisema primaire ni bure, na mutoto bila uniforme anaingia, hata kama wengine wanakaa chini. Ni vizuri kupita enzi zetu, siwezi kudanganya. Wanavuka muto juu ya mbao, wanamulika ukungu na telefone, hakuna mwenye kumuita mwenzake. Mimi ninamusindikiza mujukuu wangu, na tukifika mutoni ninaita: "Ba. Be. Bi. Bo."

Anacheka. "Tate, umesahau moja!"

"Sijasahau," ninamwambia. "Ile iko na mwenyewe."

Tunangoja kidogo. Halafu tunavuka.