Bata wa Kijivu Mwenye Kofia

Tangu alipoachika, mwanangu hakutia hina tena. Nguo zake zikawa nyeusi na kijivu, na kicheko chake nikakisahau. Alipoposwa mara ya pili, na mtu mwema wa mji wa Sur, nikadhani mambo yatageuka. Wapi!

"Mama, sitaki mapambo wala ngoma. Nitarizie foronya za mito tu, basi."

Akanionyesha picha kwenye simu: bata wa Kichina, dume na jike, kwenye ziwa la msituni. Wachina huwatarizi kwenye mito ya maarusi, ati, kwa kuwa huonekana wawili wawili.

"Bata!" nikamwambia. "Bata ni matope na kelele, nawe wataka kumlalia?"

Akatabasamu kidogo. Kwa tabasamu lile ningemtarizia hata kuku.

Misitu ya huko siijui mie. Maji nikayafanya falaji, mfereji wetu unaopita nyuma ya nyumba hapa Birkat al Mauz, na kando yake nikatia migomba na mitende. Mwanangu alinambia ndege hao hutaga kwenye matundu ya miti, basi nikautoboa mtende mmoja kwa uzi mweusi. Kwenye picha, bata mmoja kapambwa kwelikweli: machungwa, kijani, zambarau. Mwenziwe kijivu mtupu. Sikumuuliza mtu. Arusini anayepambwa ni nani kama si mwanamke? Yule wa rangi nikamvika shela, na yule wa kijivu nikamvisha kofia.

Nilipomkunjulia kazi yangu, mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama! Huyu wa rangi ndiye dume. Jike ni huyu wa kijivu, nawe umemvisha kofia!"

Nikafura. Macho yaniuma kwa kutarizi, naye anacheka!

"Basi huko kwao kuna vituko. Mume ajirembe, mke akae kama kafiwa? Hebu lete nifumue!"

Akaikumbatia foronya. "Usifumue, mama, nakuomba."

Akawa anampapasa yule bata mwenye shela. Niliogopa atalia.

"Mie nimechoka kuwa wa kijivu," akasema. Kisha akaninyooshea mikono yake mitupu. "Yule mama wa hina bado anakuja majumbani?"

Wallahi, nilifurahi hata nikalia mie. Nikainuka mbio kutafuta simu, kabla hajageuza nia.